Barua ya mkono kwa bosi mkubwa: inafungua mlango au inaishia kwenye rundo la waomba ada?

Siku hizi ukifungua video za hawa walimu wa mauzo lazima ukutane na huu ushauri: unamtaka mteja mzito, mkurugenzi, mwenye hoteli, mwenye mabasi, achana na imeili maana hazisomwi, shika kalamu umwandikie barua kwa mkono wako, atashangaa, ataisoma, atakupigia. Mi nimekaa mapokezi ya ofisi moja hapa Dar muda wa kutosha kupokea barua za kila aina, na sasa hivi niko upande wa pili, naitafutia wateja biashara ndogo, kwa hiyo nalitazama hili jambo kwa macho yote mawili. Sikatai kwamba barua inafanya kazi. Ila inafanya kazi kwa sababu nyingine kabisa sio hizo tunazoambiwa, na kwa watu wachache kuliko tunavyoambiwa.

Tuanze na mifano yao. Anayetajwa sana ni Joe Girard, yule muuza Chevrolet wa Michigan aliyeuza magari 13,001 kati ya 1963 na 1978 mpaka akaingia kitabu cha Guinness. Ni kweli alikuwa anatuma kadi kila mwezi, lakini kadi zilikuwa za kuchapwa, na sehemu kubwa ya waliozipata ni watu ambao tayari walishanunua gari kwake. Mwingine ni Doug Conant, aliyekuwa bosi wa Campbell Soup, kampuni ya supu ya Marekani, kuanzia 2001 hadi 2011, anasifiwa kwa kuandika kwa mkono barua fupi za shukrani kama 30,000 hivi. Sawa, lakini aliwaandikia wafanyakazi wake! Yaani yeye ndo mkubwa anawaandikia wa chini yake. Hapo hakuna hata mmoja ambaye hajulikani, hana jina, anapiga hodi kwa mtu mzito asiyemjua. Hiyo ndo hali yetu sisi, na mifano yao haiigusi.

Halafu kuna hili la kwamba mwandiko wa mkono ni adimu ndo maana unavutia. Kwao labda. Hapa kwetu mtu yeyote mwenye jina na pesa anapokea barua za mkono kila wiki, tena nyingi. Ada ya mtoto, mchango wa harusi, jezi za timu ya mtaa, mabati ya kanisa, zulia la msikiti, kijana anaomba kazi yoyote hata ya ulinzi. Karatasi imechanwa kwenye kaunta buku, bahasha ya kaki, na ndani inaanza vilevile, "Husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 29..." Sekretari akiona mwandiko wa kalamu kwenye bahasha hashangai wala nini, ameshajua ni rundo gani. Pale tulikuwa na faili kabisa la maombi ya misaada, na barua ya mfanyabiashara aliyeandika kwa mkono ilikuwa inaingia humohumo hata kama alikuwa anauza kitu cha maana, kwa sababu aliyefungua alisoma mistari miwili tu.

Na kwa wasiojua barua inavyosafiri: unaiacha mapokezi, unasainiwa kwenye dispachi yako, lile daftari la kupelekea barua, inagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, inapewa namba kwenye regista, masijala wanaitia kwenye faili, ndo inapanda juu. Kwenye ofisi nyingi bosi haoni bahasha yako nzuri uliyoinunua Samora, anaona karatasi yenye muhuri na tundu mbili za kutobolea faili. Wajanja wanaandika BINAFSI juu ya bahasha ili isifunguliwe chini. Inasaidia, ila ukitumia hiyo BINAFSI halafu ndani ni matangazo ya huduma zako, umemdanganya bosi na umemkera sekretari kwa mpigo mmoja, na sekretari ndo utakayekutana naye tena.

Kuna kitu kingine ambacho wazungu wa mauzo hawana habari nacho, vimemo. Wote tunajua kilivyo, karatasi ndogo, mwandiko wa mkubwa fulani, "msaidie huyu kijana". Kwa hiyo barua ya mkono inayoingia ofisi ya mkurugenzi wa taasisi ya umma, hasa ikipelekwa kimyakimya, ina harufu mbaya hata kama wewe ni msafi. Manunuzi ya serikali, halmashauri na mashirika ya umma tangu 2023 yanapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa tenda za umma, mwaka huohuo tukapata na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, sasa mkurugenzi mwenye akili akipata barua yako ya kumsifia wiki ambayo tenda iko hewani ataiona kama mtego. Ukiambatanisha na kalamu ya bei au kapu la sikukuu ndo kabisa, hayo unaenda kuyaeleza TAKUKURU. Kwa upande wa serikali mi nasema usijaribu, jisajili kwenye mfumo, jaza vizuri, basi.

Sasa kwa nini bado siitupi hii mbinu? Kwa sababu ya watu binafsi. Mwenye shule, mwenye malori, mwenye hospitali ya ghorofa mbili, familia yenye duka la jumla Kariakoo tangu enzi za babu, hawa wengi bado wanafungua bahasha zao wenyewe, na hawa ndo imeili zao zinasomwa na mpwa wa ofisini ama hazisomwi kabisa. Halafu tangu hizi programu za akili bandia zije, kila mtu anatuma imeili ndefu imenyooka, imepangika, "natumai barua pepe hii inakukuta salama", zote zinafanana kama sare, na bosi anajua aliyetuma hakutoka jasho. Barua ya mkono inaonyesha mtu alikaa chini. Ingawa hata hilo lina mwisho wake, huko Arizona kuna kampuni inaitwa Handwrytten ina roboti zinashika kalamu ya kweli na kukuandikia barua mia ukiwa umelala. Ikifika huku, na itafika, mwandiko peke yake hautathibitisha kitu.

Kwa hiyo kinachobeba barua ni kile ambacho usingeweza kumwandikia mtu mwingine yeyote. Jamaa mmoja fundi pampu za dizeli aliwahi kunionyesha barua aliyompelekea mwenye shule, nusu ukurasa haijai: "Mzee shikamoo. Basi lako lile refu linapita kwetu Mbezi alfajiri, tangu wiki jana likipanda kilima linatoa moshi mweusi. Iangaliwe filta ya hewa kwanza kabla hamjagusa pampu, inaweza ikawa hiyo tu na ni pesa ndogo. Mimi ni fundi pampu Tegeta, fundi wako ameshindwa kuliona." Na namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Hakuna kichwa cha habari, hakuna umri, hakuna kuomba chochote. Tena amempa jibu bure, ambalo linaweza kumkosesha yeye mwenyewe kazi. Hiyo haiwezi kuingia rundo la ada hata isomwe na nani, mstari wa kwanza tu unamhusu mwenye mali.

Angalia lakini gharama yake. Kuandika ni dakika ishirini, kazi ni kumjua huyo mtu, kuliona basi, kujua anayefungua bahasha ni nani, kutuma boda au kwenda mwenyewe maana anwani nyingi ni S.L.P. tu. Kwa mwezi utawafikia watu wachache sana, na huna alama za bluu za kukwambia imesomwa. Anayeuza kitu cha elfu kumi hapa anajisumbua, apige meseji tu. Anayeuza mkataba wa mwaka mzima, hapo hesabu inakubali, hasa ile barua ya pili, ya kushukuru baada ya kukutana, ambayo kwa maoni yangu ina nguvu kuliko ya kwanza na karibu hakuna anayeiandika.

Kuna shida moja ambayo sijaona ikisemwa. Bosi akiipenda barua yako hakupigii yeye. Anamwita meneja, au yule fundi wake, anamrushia karatasi, "mtafute huyu". Sasa huyo anaipokea vipi? Umeruka kichwa chake, na kwa ile barua ya moshi umemwambia tajiri yake kwamba hajui kazi. Atakupigia kwa sababu ameagizwa, atakuuliza bei, atarudi kusema wewe ni ghali, na hapo mchezo umeisha. Nilimwambia yule jamaa sentensi yake ya "fundi wako ameshindwa kuliona" aitoe kwenye barua zinazofuata, aweke "fundi wako akiniita nakuja tuangalie pamoja, yeye ndo anaijua hiyo gari". Akaguna, akasema lakini si kweli kashindwa? Kweli, ila simu itakuwa mkononi mwa huyohuyo.