Eti kitabu cha watoto ni kazi ya jioni moja

Watu wa Dar mna dharau nyie. Ukisema unaandika riwaya mtu anajiweka sawa kwenye kiti, ila ukisema unaandika kitabu cha picha cha watoto anakuuliza "haya, na kazi unafanya wapi?" Mjomba wangu wa Tandika kakishika changu, kakipindua mbele nyuma, kakimaliza chote kahawa haijapoa, halafu ananiambia, "Sasa mjomba, maneno mia tatu haya ndo ulikuwa unatukimbia kwenye vikao? Mbona mimi taarifa ya msiba tu kwenye grupu la ukoo inazidi hapo."

Nimecheka tu, ningemjibu nini.

Hakuna anayejua kwamba yalikuwa maneno elfu moja na ushee, nimekaa nayachinja moja moja. Hadithi yenyewe ni ya kobe anayesubiri daladala Mbagala Rangi Tatu, kila akiinua mguu apande konda kashagonga bodi, gari hilooo. Nikaandika "kobe alikuwa amechoka sana na jua lilikuwa kali". Mchoraji kashachora jua linawaka, kobe kashatoa ulimi nje, sasa sentensi yangu ya nini pale, si namwambia mtoto kitu anachokiona kwa macho yake? Futa. Nilikuwa na sentensi moja tamu hiyo ya foleni ya Kilwa Road, nimeifuta huku moyo unauma, na hakuna atakayenipa pole kwa sababu hakuna aliyeiona.

Na mchoraji naye tusimsahau. Kijana ana kipaji hatari, mkono wake acha tu, lakini kazoea picha za mtandaoni. Nimemwambia chora nyumba ya bibi Kisarawe, kaniletea nyumba ina bomba la moshi juu ya paa na bibi kavaa sweta. Nikamwambia mdogo wangu, huyu bibi anapikia nje kwenye mafiga, na Kisarawe hiyo sweta ni adhabu. Akabadilisha, ila kwa gharama, maana yeye kila marekebisho anayahesabu kama fundi cherehani.

Halafu kuna mambo ya kurasa ambayo hakuna mtu alinidokeza. Mimi nilijua hadithi ikiisha kitabu kimeisha, kumbe karatasi kubwa moja ikichapwa pande mbili na kukunjwa inatoa kurasa 16, mbili ndo unapata 32, ndo maana vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32, na kama ni kile kidogo cha kupigwa pini katikati basi idadi lazima igawanyike kwa 4 upende usipende. Utoe na ukurasa wa jina, utoe na ule wa hakimiliki na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, yenyewe tarakimu 13, hiyo wanatoa Bodi ya Huduma za Maktaba pale Bibi Titi. Hadithi yako inakaa kwenye kilichobaki, ikizidi ni wewe na roho yako.

Wino nao. Kwenye simu daladala yangu ilikuwa kijani mpaka inakuchekea, kutoka mashineni imekuwa rangi ya mlenda uliolala. Nauliza, naambiwa "bro, skrini inatumia mwanga, mashine inatumia wino wa rangi nne, haviwezi kuwa sawa". Sawa, hiyo nimeelewa. Sasa na konda yuko wapi? Ile picha ya kurasa mbili, konda ananing'inia mlangoni, kaingia mzima kwenye mkunjo wa katikati, kimebaki kiwiko na noti. Na kisu cha kukatia kingo kimeondoka na mkia wa kobe, maana picha haikuachiwa zile milimita 3 za ziada nje ya kingo, za kuliwa na kisu. Jamaa wa mashine ananitazama usoni kabisa ananiambia, "Mzee, kwani kobe ana mkia?"

Ukija kwenye kuuza ndo usiseme. Mtu anashusha chipsi mayai na soda hajauliza bei, kitabu cha mwanawe anataka punguzo, na akishapewa punguzo anakipiga picha kwanza ili "akakifikirie".

Ila kuna siku nilikaa barazani na watoto wa mtaani nikawasomea. Binti mmoja hajaanza hata darasa la kwanza, hasikilizi, anafunua tu, mara anapiga kelele "paka!" Kumbe mchoraji kaficha paka kila ukurasa, mimi mwenye kitabu sikuwahi kumwona! Wakaanza kumtafuta, wanarudi mwanzo, wanasukumana, nikasema hapa hata nisipouza nimelipwa (uongo lakini, nina deni). Tukafika kobe anapanda gari, likaja swali: analipa nauli ya mwanafunzi au ya mtu mzima? Mmoja anasema kobe wanaishi miaka mia, huyo babu, alipe nzima. Mwingine anasema mbona kavaa begi la shule. Konda atamkataa! Hamkatai! Kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka na mwiko kuuliza nani kapigwa, akaoneshwa kitabu, akafunua, akacheka na yeye, akakibana kwapani akaanza kurudi ndani.

"Baba, ahsante eh. Hivi vinagawiwa na serikali, si ndio?"