Dereva akiuliza "inaonyesha shingapi", mjibu

Ijumaa iliyopita dada mmoja wa ofisini kwetu aliingia na habari njema: amemripoti dereva. Kaagiza gari kwa app kutoka Mikocheni kwenda Tabata, dereva kampigia, kamuuliza yale maswali matatu mnayoyajua (unaelekea wapi, unalipa keshi au kadi, inaonyesha shingapi), kisha kaomba aongezewe elfu mbili. Dada akagoma, dereva akakansel, dada akaandika malalamiko marefu, na jioni akapokea ujumbe wa kumshukuru kwa kusaidia kuboresha huduma. Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Hawa bila kuwanyoosha hawaendi." Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na chapati mdomoni. Sasa nimemeza.

Yale maswali matatu yanatokana na hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Chukua safari ya elfu sita. App inakata robo, yaani elfu moja na mia tano. Zinabaki elfu nne na mia tano. Kutoka alipopaki mpaka getini kwako ni kilomita tatu ambazo hakuna anayezilipa, halafu safari yenyewe kilomita kumi, nusu yake kwenye foleni ya Mandela na AC umeomba iwashwe. Toyota IST haitembei kwa maombi. Imekunywa lita moja na kidogo, tuseme lita ni elfu tatu, basi mafuta yamekula elfu tatu na mia tatu. Mkononi zimebaki elfu moja na mia mbili, na hapo hajanunua bando la kuendeshea hiyo app, hajaosha gari, hajala. Akiuliza kama ni kadi, ni kwa sababu hela ya kadi haiingii leo, na sheli hawakopeshi.

Na bado hajakutana na tajiri, yaani mwenye gari.

Hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Tumeuziwa picha ya kijana mwenye gari lake na muda wa ziada, anayetubeba akirudi zake nyumbani, kama hisani yenye malipo. Mji huu gari ni la mtu mwingine: la afisa wa benki, la mama mwenye fremu mbili Kariakoo, la shemeji aliyeko Dodoma. Mwenye gari anataka hesabu yake, yaani fedha yake ya siku, kila jioni, mvua inyeshe, app ilale, tairi lipasuke. Juzijuzi dereva aliyekuwa ananipeleka Mbezi Beach alinionyesha simu yake tukiwa tumesimama kwenye taa za Mwenge. Hesabu yake ni elfu ishirini na tano kwa siku. Meseji ya tajiri ilikuwa imeandikwa hivi: "Saa mbili hii sijaona muamala. Kesho lete funguo." Hata salamu hakuna. Juu ya kioo, kwenye simu ya pili, app inamsifia kwa nyota 4.9. Akacheka. "Huyu, dada, hana habari na nyota zangu."

Wapo wenye mkataba, wanaolipa zaidi kila siku ili mwisho wa mkataba gari liwe lao. Huwa linakuwa lao kweli, likiwa limeshaanza kudai injini.

Sikatai kwamba wazo hili la uchumi wa kushirikiana, watu kugawana vilivyokaa bure, lilianza vizuri. Mwaka 2007 huko San Francisco vijana walioshindwa kodi walitandika magodoro ya upepo sebuleni na kuwalaza wageni wa mkutano. Ndiyo Airbnb hiyo, app ya kukodi malazi. Uber, app ya kuagiza magari, ikafuata mwaka 2009, mji huohuo. Walikuwa na nafasi iliyokaa bure na wageni wasio na pa kulala. Lakini wazo lilipotua Dar mwaka 2016 halikukuta magari yaliyokaa bure, maana gari la kukaa bure nani analo? Lilikuta vijana wasio na kazi na watu wenye akiba kidogo ya kununulia IST. Kwa hiyo kampuni haina gari, tajiri hashiki usukani, abiria hajui chochote zaidi ya bei, na kila kitu kinachoweza kwenda vibaya barabarani kimebebwa na mtu mmoja ambaye ndiye pekee asiye na sauti kwenye kupanga nauli.

Hilo la kupanga nauli ndilo linalonikera kuliko asilimia ya makato. Majirani zetu walilionja mapema. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015, watu wakakopa benki kununua magari kwa kupiga mahesabu ya nauli waliyoikuta. Katikati ya 2016 kampuni ikashusha nauli kwa asilimia 35. Unajua ni nini hakikushuka kwa asilimia 35? Marejesho ya mkopo. Wakagoma mwaka huohuo, wakagoma tena 2018. Kenya ikaja kuweka kikomo cha makato cha asilimia 18 mwaka 2022, na bado mwaka 2024 madereva wa Nairobi walichoka wakaamua kuchapa bei zao wenyewe na kuzitundika ndani ya gari: ukipanda, unasoma, unalipa hiyo, ya kwenye simu ni ya kwako na simu yako. Kampuni ikasema hairuhusiwi. Mimi niliposoma habari ile nilifurahi kama Yanga wamefunga.

Kwetu tulikuwa na mwaka wetu wa kujaribu ubabe, 2022. LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ikatangaza makato yasizidi asilimia 15. Kumbukeni Mei ile lita ya petroli Dar ilikuwa imevuka shilingi 3,100, kwa hiyo agizo halikutoka hewani. Uber ikasimamisha huduma Aprili. Agosti Bolt, mshindani wake, nayo ikabaki na wateja wa makampuni tu. Sisi abiria tukalia kwelikweli, tukaandika kwamba serikali inafukuza wawekezaji, kwa sababu tulikuwa tumerudishiwa teksi za kupatana. Miezi haikuwa mingi mdhibiti akarudi kwenye asilimia 25, na asilimia 3 ya kuagiza safari juu yake. Nchi iliyoweza kuihamisha stendi nzima ya Ubungo ikaipeleka Mbezi ilishindwa kuihamisha asilimia kumi.

Basi nikubali na mimi, kwa shingo upande. Teksi za zamani zilitunyanyasa. Ukishuka na begi, bei inapangwa kwa kuangalia begi. Nilishawahi kutajiwa elfu arobaini kutoka uwanja wa ndege na mtu aliyekuwa anatazama viatu vyangu. Usiku mwanamke kuingia gari lisilojulikana, bila namba wala jina popote, ilikuwa ni kumkabidhi Mungu roho yako, na leo namtumia mdogo wangu safari yangu anaiona kwenye ramani mpaka nafika. Hilo siwezi kulibeza. Wapo pia madereva wahuni, wanaoanzisha safari kabla hujapanda na wanaojifanya hawana chenji. Waripotini hao, mimi nitawasaidia kuandika. Ila anayekupigia na kukuuliza bei mapema hajakuibia. Amekuambia ukweli kabla hajawasha gari, nawe una haki ya kusema hapana.

Wenzetu wamepelekana mahakamani. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber walioleta kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo. Huko California kampuni zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kwenye kura moja tu ya mwaka 2020 ili dereva asihesabiwe mwajiriwa.

Halafu tunaambiwa uchumi wa kushirikiana ni kitu kipya tunachopaswa kufundishwa. Mama yangu amecheza upatu tangu sijazaliwa. Kijumbe wao, anayekusanya michango, analipwa, hakuna anayemwonea kijicho, lakini wanamjua anapokaa. Siku ajaribu kupandisha ujira wake kimyakimya, saa kumi na mbili asubuhi atakuwa na kanga kumi na mbili mlangoni. Madereva wetu mlango wao wa kugonga uko wapi? Akifungiwa akaunti anaandikiana na mashine inayomwita "mshirika".

Ninachotaka si kikubwa. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo ya mafuta, na vibao vya sheli vinabadilika. Nauli ya kilomita kwenye app ifungwe na tangazo hilo, ipande nalo na ishuke nalo, na kilomita za kumfuata abiria zihesabiwe. Dereva aonyeshwe anakokwenda na atakachobaki nacho kabla ya kukubali, asilazimike kunipigia simu nikiwa kwenye kikao.

Na ninyi matajiri, najua mpo humu, maana kila mwenye mshahara wa kueleweka mji huu ana IST moja mahali. Mnapenda kuisema sana app na makato yake. Siku Jangwani imefungwa kwa maji na gari limeshinda limepaki Magomeni, ulipunguza shilingi ngapi kwenye hesabu yako?