Ndoto ya Marekani tumeipigia hesabu

Malalamiko ya wazee wetu hapa Texas ni yale yale: vijana hawataki maendeleo. Hawaoi wala kuolewa, hawanunui nyumba, wanavaa mitumba na kazi wanazo. Baba mdogo hunihoji, "Mwanangu, nimebeba boksi miaka yote hii ili wewe uje uishi nyumba ya kupanga?"

Shikamoo baba, ila tupige hesabu.

Mwanahistoria James Truslow Adams, aliyelieneza jina la "Ndoto ya Marekani" mwaka 1931, alisema haikuwa ndoto ya magari na mishahara minono tu. Alitaka kila mtu aweze kufika pale uwezo wake unapomfikisha, hata kama kazaliwa kwenye ufukara. Nyumba, gari na friji vilishika usukani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Huko Levittown, New York, kuanzia 1947 nyumba zilijengwa kwa maelfu, askari waliotoka vitani wakazipata kwa masharti nafuu yenye mkono wa serikali. Mikataba ikawazuia Weusi kuishi humo. Kipande hicho wazee huwa wanakiruka.

Halafu ngazi yenyewe imelegea. Mchumi Raj Chetty na wenzake walionyesha kwamba kati ya Wamarekani waliozaliwa 1940, karibu asilimia 90 walikuja kuwapita wazazi wao kwa kipato. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980, ni kama nusu tu. Leo nyumba ya kawaida nchini inazidi dola 400,000, na kima cha chini cha mshahara hapa Texas ni dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009. Hapo sijagusa mkopo wa chuo.

Na nikiingia gereji ya baba mdogo ndiyo nachoka kabisa. Mashine ya kukimbilia imegeuzwa kamba ya kuanikia nguo. Runinga ya Black Friday, ile siku ya mapunguzo ya bei, haijatoka kwenye boksi. Majiko ya kuchomea nyama mawili, mkaa haujawahi kuyagusa. Gari linalala nje, mvua ya mawe inalipiga, na kila mwezi analipia stoo ya kukodi kwa vitu vilivyokosa nafasi. Kwenye sebule yake nzuri hakai, maana anapiga zamu mbili kuilipia.

Tusijifanye malaika lakini. Tuliokosa nyumba tunajipoza kwa raba za kulipa kwa awamu nne, na wale wanaojisifu mtandaoni kwamba hawanunui vitu, chini ya video wameweka kiungo cha kununua chupa ya maji kama yao. Kubana matumizi kwetu kwa kiasi kikubwa ni ukata uliovalishwa suti.

Kwa hiyo baba mdogo, nyumba naitaka. Nitafutie ninayoweza kuilipa kwa zamu moja, kesho asubuhi nasaini.