Panya wa Bramble Cay Hakuuawa na Bahari Peke Yake

Jirani yangu mmoja, mtu msomi kabisa, aliposikia habari za kutoweka kwa panya wa kisiwa cha Bramble Cay alicheka na kuuliza ni nani atakayelilia panya. Nilikereka, ingawa maofisa waliokabidhiwa mnyama huyo nao hawakuonyesha kujali zaidi yake.

Kisiwa chenyewe ni kipande cha mchanga na matumbawe katika Mlango-Bahari wa Torres, kaskazini kabisa mwa Australia, na sehemu yake ya juu haizidi mita 3 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo tu ndipo alipojulikana kuishi panya huyu mwenye mkia mrefu, akila mimea na kugawana ardhi na kasa na ndege wa baharini. Mabaharia wa Kizungu waliofika mwaka 1845 waliwakuta tele, wakawa wanawalenga kwa pinde na mishale. Mwaka 1978 walikadiriwa kuwa mamia kadhaa. Kufikia 1998 walibaki kama 90.

Bahari ilipanda, hilo nalikubali. Maji ya chumvi yalifunika kisiwa mara kwa mara, na mimea iliyoenea hekta 2.2 mwaka 2004 ilibaki hekta 0.065 mwaka 2014, yaani mita za mraba 650 za chakula kwa spishi nzima. Lakini bahari haiandiki mipango. Mwaka 2008 ulitolewa mpango rasmi wa miaka mitano wa kumnusuru, na humo waandishi walieleza, bila haya, kwamba kupanda kwa bahari na dhoruba havikuelekea kumdhuru sana katika muda wa mpango huo. Mwaka 2009, mpango ukiwa bado mbichi, mvuvi mmoja alimwona panya wa mwisho. Kukamata jozi chache mapema na kuzizalisha bara kungegharimu nini? Mwaka 2014 mitego ilitegwa usiku baada ya usiku, na kamera zikawekwa, lakini hakunaswa wala kuonekana hata mmoja. Jimbo la Queensland lilitangaza kutoweka kwake mwaka 2016, na serikali ya Australia ikathibitisha mwaka 2019. Hongera kwa wepesi huo.

Wapo wanaotumaini kwamba ana jamaa zake ng'ambo, kwenye delta ya Mto Fly nchini Papua New Guinea. Haya, watafutwe, wakipatikana nitafurahi, ila waliouandika mpango ule hawatakuwa wamesafika. Ningependa kumwona ofisa atakayethubutu kumwandikia koala, mnyama kipenzi cha Australia, mpango wa namna hiyo.