Bastola Kiunoni: Haki ya Nani, Hofu ya Nani?

Kwa zaidi ya karne moja, mkazi wa New York aliyetaka kutembea na bastola alilazimika kumridhisha ofisa wa serikali kwamba ana sababu ya pekee. Kuishi mtaa wenye majambazi hakukutosha. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ililifuta sharti hilo kwa kura sita dhidi ya tatu. Kwa mujibu wa hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, haki ya kujihami kwa silaha haiishii mlangoni mwa nyumba.

Wengi waliuona uamuzi huo kuwa ushindi wa wahafidhina. Lakini miongoni mwa waliopinga sharti lile mahakamani walikuwamo mawakili wa New York wanaowatetea washtakiwa wasio na uwezo. Wateja wao, wengi wao weusi na Walatino, walikuwa wakishtakiwa kwa kukosa kibali ambacho ilikuwa vigumu mno kukipata. Hapo nawaunga mkono. Haki inayosubiri ofisa kaamkaje ni upendeleo tu.

Upande huo una hoja nyingine, nzito zaidi. Mwaka 2005, katika kesi ya mji wa Castle Rock, Colorado, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba mama aliyeuawiwa mabinti watatu na mumewe hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai kwamba polisi walipaswa kutekeleza amri ya mahakama ya kumzuia mume huyo. Sasa serikali isiyobanwa kukulinda ikuzuie kwa hoja gani kujilinda mwenyewe?

Wanaopinga raia kutembea na silaha nao wana jambo la kusema. Majimbo 29 leo hayadai kibali cha kubeba bastola kwa mtu mzima anayeruhusiwa kisheria kumiliki silaha. Texas iliingia 2021, Florida 2023, na Vermont haijawahi kudai. (Ndugu zetu walioko huko kwa viza ya masomo au ya utalii wasidanganyike: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bunduki, isipokuwa kwa nafasi chache kama leseni ya uwindaji.) Miaka ya 1990 mchumi John Lott alidai kwamba raia wakibeba silaha uhalifu hupungua. Mwaka 2004 jopo la wanasayansi likasema ushahidi hautoshi kuthibitisha hilo wala kinyume chake. Mwaka 2019 John Donohue wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakakadiria kwamba miaka kumi baada ya jimbo kulegeza masharti, uhalifu wa kutumia nguvu huwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Kwangu mimi, mzani umeelemea huko.

Hata hivyo wastani hausemi kitu kwa mtu aliye mbele ya mtutu. Julai 2022 huko Greenwood, Indiana, mshambuliaji aliua watu watatu ndani ya jengo la maduka kabla ya kijana wa miaka 22 kumpiga risasi. Sheria ya kubeba bila kibali ilikuwa imeanza kutumika mwezi huohuo. Mwaka mmoja nyuma, mjini Arvada, Colorado, raia mwingine alimpiga risasi mtu aliyekuwa ameua askari. Polisi aliyefika akamkuta na bunduki ya mshambuliaji mkononi, akamuua raia huyo. Na Philando Castile, mtu mweusi wa Minnesota, alikuwa na kibali halali na alimwambia askari kwamba ana silaha. Askari huyo alimpiga risasi na kumuua ndani ya gari lake mwaka 2016. Mahakamani askari aliachiwa huru.

Hukumu ya 2022 haikulilazimisha jimbo lolote kufuta mafunzo. Iliviacha vibali vyenye vigezo vya wazi, kama uchunguzi wa rekodi za uhalifu na darasa la usalama. Texas ilikuwa na darasa la saa nne hadi sita na mtihani wa shabaha. Yenyewe ikavifanya kuwa vya hiari, karibu miezi kumi kabla ya majaji kusema neno.