Mwiteni bibi yangu mgonjwa wa vikope

Tulipotoka kituo cha afya, bibi hakusema neno hadi tumefika nyumbani Kongwa. Hapo ndipo akaniuliza taratibu: "Mjukuu wangu, huo ugonjwa niliotajiwa, unaua?"

Mhudumu alimwambia ana trikiasisi, akaandika kwenye cheti, akaita mgonjwa mwingine. Bibi ana zaidi ya miaka 70, na alilibeba neno lile njia nzima kama amesomewa hukumu.

Nina hasira mpaka leo, kwa sababu neno lenyewe halifichi kitu. Kwa Wagiriki, thrix ni unywele tu. Trikiasisi ni nywele za kope zilizogeukia ndani, kila ukipepesa zinakwangua kioo cha jicho. Trakoma, maambukizi ya macho yanayoleta hali hiyo, nayo imetoka kwenye trachys, yaani kitu kinachoparuza, maana ukipindua kope la juu la mgonjwa unakuta ndani pameota vijipele, ulaini umekwisha. Hata bomba la hewa la kooni Wagiriki waliliita kwa neno hilo hilo, kwa ajili ya pingili zake. Walitaja walichokiona na kukigusa.

Na sisi je? Tunasema vikope! Wazee wetu nao walitazama kope wakaupa ugonjwa jina. Bibi hufunga kibanio kwenye pindo la kanga, na kwa miaka mingi amejing'oa nywele hizo mwenyewe, zikiota anang'oa tena. Angeambiwa "bibi, hivi ni vikope, tutazigeuza zitazame nje kwa upasuaji mdogo", angelala usingizi usiku ule. Wanaoumia zaidi ni kina mama kama yeye, waliolea watoto wenye maambukizi mwaka hadi mwaka, nzi usoni, maji ya kunawa ya kutafuta kwa ndoo.

Sawa, kwenye cheti jina la kitabibu libaki, daktari wa Ethiopia na wa Dodoma waelewane. Lakini cheti hakina masikio, mgonjwa anayo. Tena hapa Kongwa, ambako watafiti wameuchunguza ugonjwa huu tangu miaka ya 1980!

Nilipomweleza, bibi alifungua pindo la kanga, akakitazama kibanio. "Kumbe ni hizi hizi?"

Alhamisi tunarudi kwa upasuaji. Nitaingia naye ndani, na nitamwomba mhudumu aseme vikope.