Joho Rahisi Tu

Jamani, mwalimu wa Sunday school akikwambia jambo ni "rahisi tu", kimbia. Ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi Alhamisi saa tatu usiku: Jose ni mmoja wa mamajusi kwenye igizo la Krismasi, mazoezi Jumamosi, aje na joho. "Rahisi tu, mzazi alishone na mtoto, walipambe." Mzazi mwenyewe mimi. Mama Neema kasafiri, anarudi Jumamosi hiyo hiyo.

Nikafungua Mathayo sura ya 2 nione hilo joho limetajwa wapi. Halipo! Kuna nyota, dhahabu, uvumba na manemane. Hata kwamba walikuwa watatu haikuandikwa. Lakini nenda kamwambie mwalimu.

Ijumaa nikanunua mita mbili za marekani nyeupe. Muuzaji akanipa na darasa la bure: kunja kitambaa mara moja, toboa shingo kwenye mkunjo, shona ubavuni, acha nafasi ya mikono. Basi.

Tukaanza na mapambo kabla ya kushona. Neema, wa darasa la nne, akakata viazi katikati, akachonga nyota, tukachovya kwenye rangi ya dhahabu, tukapiga chapa. Viazi vyenyewe vilikuwa vya chipsi za usiku ule. Nyota ya Neema ilitoka nyota. Ya Jose ilitoka kaa, wa pwani kabisa, na magando yake. Akapiga kaa kumi na saba kwenye kitambaa, na mmoja kwenye kochi ambaye mpaka leo tumemfunika na mto.

Ikaja shingo. Nami kwa kujifanya fundi nikakunja kitambaa mara mbili, kikawa tabaka nne, nikakata ile kona shubiri moja. Ndugu zangu, ukikata kona ya tabaka nne, ukikunjua hupati kona, unapata duara zima. Shubiri imekuwa shubiri mbili! Jose akaingiza kichwa, joho likateremka mpaka sakafuni, halikusalimia hata bega.

"Baba, hiyo ni sketi," akasema Neema.

Saa tano usiku, duka gani liko wazi? Nikafungua kabati la mama yao. Khanga ilikuwa juu kabisa, nyekundu, imekunjwa vizuri. Sikuikata, Mungu shahidi. Nilipitisha kamba tu kwenye pindo la juu, nikamfunga Jose shingoni, ikaning'inia mgongoni kama ya mfalme. Kugeuka kuosha mikono, kaa watatu wa dhahabu wameshahamia.

Jumamosi mazoezini mambo yalikwenda vizuri mpaka mamajusi walipofika kwenye hori. Walitakiwa kufungua mikono na kuinama. Jose akafungua mikono, khanga ikatanuka mgongoni mwote, na jina la khanga yenyewe likasomeka mpaka benchi la mwisho: HASIDI HANA SABABU.

Kanisa kimya. Mwalimu akasoma, akarudia, akavua miwani.

"Baba Neema, huyu tumpe Herode."

Jose alifurahi kupita kiasi, maana Herode ana kiti na upanga wa boksi. Asiyefurahi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la safari, anamtazama Herode mgongoni.

"Baba Neema, doti ni vipande viwili. Kimoja nitajifunga. Nitajitanda nini, kaa?"